Bibi Titi na Nyumba ya Kupangisha

Jina kamili la kitabu cha Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997, linaishia na miaka miwili: 1955 na 1965. Mwaka 1955 ndio Bibi Titi Mohamed alipowekwa kuwaongoza wanawake wa TANU. Mwaka 1965 ndio aliposhindwa ubunge wa Rufiji. Sidhani kama Geiger alikusudia kukipima chama kizima kwa maisha ya mwanamke mmoja. Mwaka 1965 una uzito wake mwingine, maana ndio nchi ilipoingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Hata hivyo, kila nikikishika kitabu hiki macho yangu huenda hapo. Mwanamke aliyezaliwa 1926 na kufariki 2000 amepewa miaka kumi jaladani, na miaka hiyo inakoma pale alipokosa kura.

Nakipenda kitabu hiki, ndiyo maana nataka kugombana nacho. Kabla ya Geiger, aliyetaka kujua wanawake walifanya nini katika kupigania uhuru wa Tanganyika aliishia kusoma majina ya wanaume, maazimio ya mikutano na picha ya Mwalimu akiwa amebebwa begani. Geiger aliwakalia wazee wa kike na kinasa sauti, akaanza na Bibi Titi mwenyewe mwaka 1984, akawaacha waseme. Hoja aliyoipata kwao ni nzito: wanawake wale hawakufundishwa uzalendo na wasomi wachache wa TANU. Walikuwa nao tayari. Waliishi katika miji yenye makabila yote, wakisema Kiswahili, wakicheza ngoma moja, wakizikana. Chama kilipokuja kilikuta kazi kubwa imeshafanyika.

Bibi Titi anafaa hoja hiyo kama kidole na pete. Alizaliwa Dar es Salaam, shule aliisoma kidogo, na kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na aliimba pia kwenye maulidi. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipokuja kuitembelea TANU, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Akatafutwa mwanamke, akapatikana Titi. Hakuanza kwa kubisha hodi nyumba moja moja na kijitabu cha sera mkononi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi wa kikundi akikubali, kikundi kizima kimekubali, na kabla mwaka haujaisha wanawake wa chama walikuwa wakihesabiwa kwa maelfu.

Ugomvi wangu wa kwanza uko hapa. Wengi tunaokisoma kitabu hiki tunaondoka na picha kwamba ngoma ilikuwa ngazi: Titi alipanda juu yake, akafika kwenye siasa, kisha ngazi ikaachwa chini. Mimi naishi Bagamoyo, na mji huu unanifanya niisome habari hiyo kwa namna nyingine.

Kuna kitabu kingine, cha August Nimtz, kilichotoka mwaka 1980, kuhusu tarika na siasa Afrika Mashariki. Moyo wake uko Bagamoyo. (Geiger na Nimtz wote walifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota. Nikitaka kuujua mji wangu lazima nipitie kwenye theluji.) Nimtz anaeleza jinsi tarika ya Kadiria ilivyomea hapa chini ya Sheikh Ramiya, mtu aliyefika pwani akiwa mtumwa na kufariki mwaka 1931 akiwa shehe ambaye watu walisafiri kutoka mbali kumwona. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akawa nguzo ya TANU katika mji huu. Mkutano wa siasa ulipata watu kwa sababu watu walikuwa wamezoea kukutana. Waliokusanyika kwenye zikri walijua nani anaketi wapi, nani anaanza, nani anaitikia, nani amekosana na nani. Hakuna anayeisoma habari ya Sheikh Muhammad na kusema tarika ilikuwa ngazi aliyoiacha chini. Tunaona mara moja kwamba ushehe wake na uongozi wake wa siasa vilikuwa kazi moja. Kwa mwanamke mwenye ngoma yake hatufanyi hivyo. Yake tunaiita burudani, halafu tunashangaa alipata wapi uwezo wa kusimama mbele ya umati.

Anayefikiri ngoma ni burudani tu aje hapa mjini wakati wa Tamasha la Bagamoyo, pale TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Wanafunzi wanafundishwa hatua, mapigo na mavazi, na wanafundishwa vizuri. Jambo lisiloonekana jukwaani ni lile lililokuwa nyuma ya vikundi vya kina mama vya pwani: nani ni mwenyekiti, nani anatunza fedha, sare mwaka huu ni kitambaa gani na asiyeweza kukinunua atasaidiwaje, mfiwa apelekewe nini, kikundi pinzani kimejibiwa vipi. Manju alipaswa kujua kumsema mtu bila kumtaja. Alipaswa kusoma uwanja, kujua lini awape wimbo wa kuwainua na lini anyamaze ngoma ziseme. Kama hiyo si siasa, basi sijui wanachofanya wabunge wetu. Bibi Titi hakutoka kwenye ngoma akaingia kwenye siasa. Alihama kutoka uwanja alioujua akaingia uwanja mwingine wenye kanuni zilizotungwa na watu wengine.

Hapo ndipo ninapotaka kujua zaidi, na hapo ndipo vitabu vinapokimbia. Baada ya Uhuru alikuwa mbunge na waziri mdogo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Hii ni miaka ya kazi, miaka ya mwanamke asiye na cheti kikubwa akikaa kwenye meza moja na watu waliosoma Makerere na Edinburgh. Geiger anaipita kwa haraka kuliko ile ya kabla yake. Najua sababu: kitabu chake kinahusu uhamasishaji, na uhamasishaji ulikuwa umekwisha. Lakini msomaji anabaki na mwanamke ambaye sauti yake tumeisikia viwanjani kote hadi Desemba 1961, halafu akiingia ukumbi wa Bunge, kimya. Bunge lina kumbukumbu rasmi za majadiliano. Mwandishi wa maisha ya mbunge angeanzia huko: alisimama mara ngapi, juu ya nini, alijibiwaje, na je, ile sauti ya Bomba ilisikika mbele ya spika au ilipunguzwa ikafanana na za wengine?

Mlinganisho mzuri ni Sophia Mustafa, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1958 kutoka Arusha. Yeye aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza, kitabu kuhusu siasa za miaka ile, The Tanganyika Way, na uzeeni akaandika riwaya. Kwa hiyo Sophia Mustafa tunamsoma. Bibi Titi tunasimuliwa. Na tunasimuliwa kwa lugha isiyo yake. Maneno aliyoyasema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam yalitoka kwanza kitabuni kwa Kiingereza. Hata anayeyasoma leo kwa tafsiri anayapata yakiwa yamepita mlango wa lugha nyingine. Kwa mtu ambaye silaha yake yote ilikuwa namna ya kusema, hasara hiyo si ndogo. Kuna mahali kwenye simulizi lake naona kabisa palikuwa na kijembe, nakitafuta, nakuta sentensi safi isiyo na miiba.

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja. Wagombea wawili kila jimbo, wote wa TANU, na kwa ajili ya wasiojua kusoma kila mmoja alipewa alama: jembe au nyumba. Wakubwa kadhaa walianguka, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Titi alianguka Rufiji. Kwa kawaida habari hii huandikwa kwa mstari mmoja, kama ajali. Tofauti na ajali, hata hivyo, matokeo yake hayakuwa sawa kwa wote. Bomani alipewa kazi nyingine na akaendelea kuwa mtu mkubwa wa serikali kwa miaka mingi.

Miaka miwili baadaye ile nyumba iliyokuwa alama kwenye karatasi ya kura ikawa kosa la kiongozi. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliweka masharti: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakuziachia. Alijiuzulu Kamati Kuu.

Hakuna sehemu ya maisha yake iliyoandikwa vibaya kama hii. Upande mmoja kuna masimulizi ya chama, ambamo yeye ni mfano wa kiongozi aliyenogewa na mali. Upande wa pili kuna makala za kumtetea, hasa tulizoanza kuziandika sisi wa kizazi cha simu, ambamo suala la nyumba linapitwa kwa aibu, kama mgonjwa ambaye jina la maradhi yake halitajwi. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba nyumba ya kupangisha ni utajiri. Hakuna anayeuliza nyumba ya kupangisha ni nini kwa mwanamke wa pwani.

Nitasema ninachokijua. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo, na baraza mbele. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ya namna hiyo Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Aliijenga baada ya talaka ya pili, kwa fedha za vitumbua na upatu, chumba baada ya chumba. Alilala kimoja, kingine akaweka wajukuu, vinne akapangisha. Wapangaji wake walikuwa mwalimu, wavuvi, fundi baiskeli. Kodi haikuwa nyingi na mara nyingi haikuja kwa wakati, lakini ilikuwa yake. Hakuna mume aliyeweza kuidai. Hakuna kaka aliyeweza kumwambia arudi kwao. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo nyumba uliyojijengea mwenyewe ndiyo pekee usiyogawana na mtu ukiwa hai. Mwanamke wa mji huu akisema fulani ana nyumba yake, hasemi habari ya ubepari. Anasema fulani hatahangaika.

Sasa rudi kwenye Azimio. Katika masharti yale, kiongozi hakuhesabiwa peke yake. Alihesabiwa pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mali ya mke iliangaliwa kama mali ya nyumba moja. Kwa waliotunga hilo, lilikuwa ni kuziba mwanya: mwanamume asije akaandikisha fleti zake kwa jina la mkewe. Ni busara. Lakini pwani, kwa sheria ya dini na kwa desturi, mali ya mke ni ya mke, mumewe hana sauti juu yake, na hilo ni moja kati ya mambo machache ambayo mwanamke wa Kiislamu wa pwani alimzidi mwanamke wa Kiingereza wa zama za bibi yake. Sharti moja, kwa nia njema kabisa, lilifuta ulinzi huo kwa kila mwanamke aliyekuwa kiongozi au aliyeolewa na kiongozi. Ningetegemea kitabu kinachohusu jinsia na utamaduni kisimame hapa na kuvua viatu.

Sitaki kumfanya malaika. Waziri mdogo mwenye nyumba kadhaa jijini si bibi yangu wa vitumbua, na Mwalimu hakuwa akiota alipoona viongozi wa Uhuru wakigeuka wenye nyumba wa watu waliowapigia kura. Mpangaji wa Kariakoo wa mwaka 1967 angekuwa na la kusema, na huenda lisingekuwa la kumtetea Titi. Inawezekana wote walikuwa na haki, yeye na Azimio. Mwandishi anayelijua hilo ana kazi ngumu na nzuri mbele yake. Sisi tunachagua kazi nyepesi, tunamfanya ama mlafi ama mhanga.

Oktoba 1969 alikamatwa. Kesi ya uhaini ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kiini cha njama, alikuwa uhamishoni London, na shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais. Sina la kuongeza juu ya ushahidi, na sitajifanya wakili. Kinachonihusu ni jinsi maandishi yanavyobadilika. Kabla ya kesi alikuwa mama wa chama. Baada ya kesi jina lilipotea. Kisha mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama likamrudisha kuwa shujaa. Sasa ana barabara Dar es Salaam, karibu na Mnazi Mmoja. Abiria wa Bagamoyo anayeshukia Makumbusho na kuunganisha gari la mjini anaweza kulisikia jina lake kwa konda kabla ya kulisoma popote. Katika marudio yote hayo, mama, kimya, shujaa, barabara, hakuna mahali tunapomkuta mbunge.

Na hili si la Bibi Titi tu. Angalia tunavyoandika wasifu wa wanawake wa Bunge letu leo. Katiba inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Bunge limeongozwa na Anne Makinda, halafu na Tulia Ackson. Nchi imepata Rais mwanamke mwaka 2021. Makala zinatoka kila Machi 8. Nyingi zina umbo moja: utoto wa shida, baba aliyeamini elimu ya mtoto wa kike, vikwazo, kisha neno "wa kwanza", na picha. Neno "wa kwanza" limekuwa kama kifuniko cha sufuria. Likishawekwa, hakuna anayeuliza ndani kunapikwa nini. Mbunge wa viti maalum anayewakilisha wanawake wa mkoa wa Pwani alisema nini bungeni juu ya ardhi ya pwani hii, kuanzia Mapinga hadi Saadani, ambako viwanja vinapimwa na kuuzwa na wajane wanaitwa kutia dole gumba? Kama alisema, iandikwe. Kama hakusema, iandikwe pia. Hiyo ndiyo heshima anayopewa mbunge mwanamume bila kuiomba: kuhukumiwa kwa kazi yake.

Tunaye mfano katika lugha yetu wenyewe. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika umaskini na kuuza vyungu kabla ya kuimba hadi Bombay. Kitabu hicho kina kasoro zake. Kinasifu sana, na mara nyingi Siti anakaa kimya huku Shaaban akitoa mawaidha kwa niaba yake. Ningekifungulia mashtaka mengine siku nyingine. Lakini kinamchukulia mwimbaji kuwa mtu wa kutosha kujaza kitabu, kwa Kiswahili, tangu kuzaliwa hadi kaburini, na hakiuoni uimbaji wake kuwa njia ya kufikia jambo jingine la maana zaidi.

Wasifu wa Bibi Titi ninaousubiri ungeanza na Bomba bila haraka, ungekaa bungeni kwa sura tatu au nne na zile kumbukumbu za majadiliano mezani, ungeingia kwenye hesabu ya kodi za nyumba zake, na ungemfuata kwa miaka ile 28 ya baada ya gereza, ambayo ni mingi kuliko miaka yote aliyokuwa kwenye siasa. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ulitoka kabla muongo haujaisha. Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.